Kujenga kamera ya kamba ya kurekodi michezo: mwongozo kamili kwa timu ya wanafunzi

Kigari cha kwanza cha kubeba kamera kwenye kamba nilichowasimamia wanafunzi kukijenga kilikuwa na mota nzuri, magurudumu mazuri na kamera nzuri kuliko vyote. Breki ndiyo hatukuifikiria. Kilipita kwenye kamba kama mshale, sote tukishangilia, kisha tukanyamaza kwa pamoja tulipoona nguzo inakaribia na aliyeshika rimoti hajui afanye nini. Lenzi ilipasuka. Na kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Tangu siku hiyo nina sharti moja kwa kila timu: kabla hamjanionyesha mota, nionyesheni kigari kitasimamaje. Mtaona hapa chini kwamba hesabu ya kusimama ndiyo inayoamua urefu wa kamba, kasi, ukubwa wa gurudumu na hata mahali pa kufunga nguzo. Mkianza na kasi mtarudi nyuma mara tatu kurekebisha.

Kwa nini kamba

Timu nyingi hufika na wazo la droni. Droni hupiga picha nzuri, lakini ikizimika hewani haina pa kwenda isipokuwa chini, na chini kuna watu. Tarehe 22 Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio nchini Italia, Marcel Hirscher alikuwa katikati ya mbio za kuteleza kwenye theluji droni ya kurekodi ilipoanguka na kusambaratika nyuma yake, karibu kabisa na mgongo wake. Ingechelewa kidogo tu angekuwa tayari mbali. Ingewahi kidogo, sitaki hata kufikiri.

Kigari cha ardhini kinachotembea kwenye reli ni rahisi na salama. Shida ni kwamba pembeni mwa uwanja hapakosi watu: wachezaji wa akiba, kocha anayetembea huku na huko, chupa za maji.

Kigari cha kamba kinajua njia mbili tu, kwenda na kurudi. Umaskini huo ndio uzuri wake, kwa sababu mambo yanayoweza kuharibika yanahesabika vidoleni. Mfumo mkubwa mnaouona kwenye televisheni, ule unaopaa juu ya uwanja mzima, hutumia kamba nne na winchi nne zinazovuta na kulegeza kwa mpangilio wa kompyuta. Garrett Brown, Mmarekani aliyebuni pia Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera inayobebwa na mpiga picha anayetembea, ndiye aliyeuanzisha kwa jina la Skycam, na mwaka 1984 ukatumika kurekodi mchezo wa soka la Kimarekani. Msianze huko. Kamba moja inawatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza.

Brown huyohuyo ana kazi nyingine ambayo ni funzo bora zaidi kwa wanafunzi. Katika Olimpiki ya Atlanta ya 1996 kamera yake iliwekwa ndani ya bomba refu la kusimama kando ya jukwaa la kupigia mbizi. Mchezaji anaporuka, kamera inaachiwa nayo ianguke. Hakuna mota ya kumkimbiza mtu. Mvuto wa dunia unaomshusha yeye ndio unaoishusha kamera, hivyo wanaingia majini pamoja. Mbunifu alitazama kwanza mwili wa mchezaji unakwendaje, ndipo akafikiria chombo.

Hatua ya kwanza: nendeni mazoezini na simu

Msichore chochote bado. Mmoja wenu ashike simu, atembee pembeni mwa uwanja wakati wa mazoezi na kurekodi huku akijaribu kwenda sambamba na mchezo. Rekodini dakika kumi, kaeni chini, tazameni. Mtagundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba picha za kusisimua ni chache, na nyingi hutokea sehemu zilezile. La pili ni kwamba mtembeaji wenu alibadili mwelekeo mara nyingi kuliko alivyokimbia.

Nitatumia uwanja wa mpira wa kikapu kama mfano mpaka mwisho, kwa kuwa vipimo vyake vinafahamika: urefu mita 28, upana mita 15. Mchezaji anayeshambulia kwa kasi anaweza kufika mita 6 au 7 kwa sekunde, kisha anasimama ghafla chini ya kikapu. Mkirekodi riadha mambo ni mengine kabisa. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa zaidi kidogo ya mita 10 kwa sekunde, na katikati alipita 12. Kigari cha wanafunzi hakimfuati mtu wa namna hiyo, wala hakuna haja.

Hakuna haja kwa sababu kamera inaweza kugeuka. Chukueni mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde, umbali wa mita 6 kutoka kwenye kamba. Kamera ikiwa imesimama, anapopita mbele yake inabidi igeuke kama nyuzi 57 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo mkono wa mwanafunzi humpoteza. Kigari kikienda naye kwa mita 5 kwa sekunde, tofauti inayobaki ni mita 1 tu, na kamera inageuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo kigari hakihitaji kushinda mbio. Kinatakiwa kupunguza kazi ya shingo ya kamera. Andikeni hilo ubaoni kabla mtu hajaagiza mota kubwa.

Hatua ya pili: hesabu ya kusimama

Fomula mnaijua kutoka darasani: umbali wa kusimama ni kasi mara kasi, gawanya kwa mara mbili ya kiwango cha kupunguza mwendo. Tatizo ni kujua kiwango hicho. Kigari hushika kamba kwa msuguano. Kikiwa na kilo 3, uzito wake ni kama nyutoni 30. Gurudumu laini la poliyurethani kwenye kamba kavu tulikadirie mgawo wa msuguano wa 0.5, yaani nguvu ya kushika isiyozidi nyutoni 15, na hapo uzito wote uwe umebebwa na gurudumu lenye mota. Gawanya kwa kilo 3, unapata mita 5 kwa sekunde mraba. Hiyo ndiyo dari. Kamba ikilowa, dari inashuka sana. Mimi huwaambia watumie 3.

Sasa kamba. Tuseme ina urefu wa mita 40 kando ya uwanja wa mita 28. Kila upande mnabakiwa na mita 6 za kusimamia. Mkitaka mita 8 kwa sekunde: 64 gawanya kwa 6, karibu mita 11. Hazipo. Geuzeni hesabu: kwa mita 6 za kusimama na kiwango cha 3, kasi ya juu kabisa ni mita 6 kwa sekunde. Basi, kasi ya kigari chenu ni hiyo. Haikutoka kwenye tamaa ya mtu wala kwenye maelezo ya mota.

Kuna timu iliwahi kunibishia hapa, wakasema mchezaji ni mwepesi zaidi. Niliwauliza tu: mchezaji mwenyewe si anasimama chini ya kikapu?

Hatua ya tatu: kamba, mnepo na nguzo

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila mwanafunzi hutaka kamba iliyonyooka kama rula. Kamba yenye mzigo katikati hainyooki hata muivute vipi. Kadiri mnavyoikaza ndivyo nguvu ndani yake inavyopanda, na inapanda haraka. Kwa mzigo ulio katikati, nguvu ya kamba ni karibu sawa na uzito mara urefu, gawanya kwa mara nne ya mnepo, yaani kiasi kamba inachoshuka katikati. Wekeni namba zetu: nyutoni 30 mara mita 40, gawanya kwa nne ya mnepo. Kamba ikinepa mita 1, nguvu ni nyutoni 300. Ikinepa nusu mita, 600. Ikinepa sentimita 20, mmefika nyutoni 1,500, sawa na kuning'iniza kilo 150 kwenye kila nguzo, kwa ajili ya kigari cha kilo 3.

Kwa hiyo kubalini mnepo wa mita 1. Una faida nyingine: kigari kikipoteza umeme karibu na mwisho, mteremko unakirudisha katikati taratibu badala ya kukipeleka kwenye nguzo. Hasara yake ni kwamba kuelekea mwisho kigari kinapanda kilima cha karibu asilimia 10, na mota lazima iwe na nguvu hiyo. Kwa breki, kilima hicho ni rafiki.

Kamba za Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, za milimita 4 zinafaa: nyepesi, hazivutiki sana, na hukatika kwa mzigo unaozidi kilo 1,000. Mnahitaji angalau mara kumi ya nguvu ya kawaida, yaani nyutoni 3,000, hivyo mnayo akiba. Ila akiba hiyo huliwa na mafundo. Dyneema ni telezi, na fundo huipunguzia zaidi ya nusu ya nguvu yake. Mafundo mengine huteleza yenyewe hadi yafunguke. Jifunzeni kutengeneza kitanzi kwa kuipitisha kamba ndani ya kamba, kama mabaharia wanavyofanya. Inachukua mchana mmoja kujua. Kumbukeni pia kwamba huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 150 za Selsiasi, kwa hiyo gurudumu lililokwama likizungukia mahali pamoja linaweza kuiunguza. Mkisikia mota inalia na kigari hakiendi, achieni kijiti cha rimoti mara moja.

Nguzo sasa. Msifunge kamba kwenye nguzo ya kikapu, wala kwenye goli la mpira wa miguu, wala kwenye vizuizi vya mashabiki. Vitu hivyo vimetengenezwa kusimama, havikutengenezwa kuvutwa. Nguzo za jengo zinafaa, kwa idhini ya mwenye jengo. Kama hakuna, mtasimamisha stendi, na hapo fanyeni hesabu moja zaidi. Nyutoni 300 zikivuta kwenye urefu wa mita 4 zinaipindua stendi kwa nyutoni-mita 1,200. Kama uzito wa kuizuia umekaa mita 1 nyuma ya mguu, unahitajika uwe kilo 120. Si mfuko mmoja wa mchanga. Kamba ya kuvuta nyuma, yenye pembe ya nyuzi 45 hadi kwenye kigingi imara, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, nayo itabeba kama nyutoni 420.

Je, hata wataalamu hukosea? Mei 2013, kwenye mbio za magari Charlotte Motor Speedway nchini Marekani, kamba ya kamera iliyokuwa juu ya barabara ilianguka. Magari yakaikokota, na mashabiki 10 wakaumia. Ndiyo maana nawataka muwe na kamba ya pili, iliyofungwa kwenye nguzo nyingine au angalau sehemu nyingine ya nguzo, iliyolegezwa kidogo, na kigari kiunganishwe nayo kwa karabina, ile pete ya chuma yenye kifungio. Kamba kuu ikikatika, kigari kining'inie.

Mahali pa kupitisha kamba: nje ya mstari wa pembeni, kamwe si juu ya uwanja. Kanuni za mpira wa kikapu zinataka mita 7 za nafasi wazi juu ya uwanja, na voliboli vilevile. Chini ya kamba pasikae mtu. Sehemu yake ya chini kabisa, kigari kikiwa katikati, iwe juu kuliko mkono wa mtu mrefu aliyeruka. Katika mfano wetu mita 4 kwenye nguzo hushuka hadi 3 katikati, halafu kigari chenyewe kinaning'inia nusu mita chini yake. Inabaki 2.5, na mchezaji wa kikapu huifikia bila taabu. Kwa hiyo ama mnapandisha nguzo hadi mita 5 na nusu, na kuirudia hesabu ya stendi, ama mnazungushia eneo lote utepe. Fanyeni yote mawili.

Hatua ya nne: kigari

Kateni cha kwanza kwa plaiwudi ya milimita 12. Najua mnataka alumini, au mna printa ya 3D inayosubiri. Plaiwudi inatobolewa upya kwa dakika tano, nanyi mtatoboa upya.

Umbo lenyewe ni rahisi: magurudumu mawili yenye mfereji yanayokaa juu ya kamba, yakiwa yameachana sentimita 25 hadi 30, moja lina mota na jingine linazunguka bure. Chini ya kamba, karibu na gurudumu la mota, wekeni la tatu linalosukumwa juu kwa springi. Hilo linafanya kazi mbili: linazuia kigari kuruka nje ya kamba, na linaongeza mshiko, kwa kuwa uzito wa kigari umegawanyika kati ya magurudumu mawili ya juu na bila springi lile la mota lingebaki na nusu tu. Beringi ziwe zilizofunikwa. Mota, betri na kamera vipangwe hivi kwamba kigari kikining'inizwa kwa kidole kinakaa sawa, hakiinami mbele wala ubavuni.

Kigari kitayumba pembeni upepo ukikipiga. Hakuna dawa kamili. Betri iwe chini, maumbo mapana yasiwepo, na upepo ukiwa mkali msirekodi.

Nati zote ziwe za kujifunga au zipakwe gundi ya nati. Mtetemo wa kamba hufungua nati kwa subira ya ajabu. Piga mstari wa rangi unaovuka nati na bolti. Mstari ukikatika, mnajua imeanza kuzunguka bila hata kugusa spana.

Gurudumu la mota tuchukue la kipenyo cha milimita 60. Mzunguko wake mmoja ni sentimita 18.8, kwa hiyo mita 6 kwa sekunde ni kama mizunguko 1,900 kwa dakika. Mota isiyo na brashi yenye alama ya 400 KV huzunguka mara 400 kwa dakika kwa kila volti. Kwa betri ya volti 11.1 ni 4,440 mota ikiwa haina mzigo, na ikibeba mzigo chukulieni robo tatu, yaani 3,300. Gia ya 1.7 kwa 1 inawafikisha mnapotaka. Nguvu: nyutoni 9 za kuongeza mwendo na nyutoni 3 za kupanda kilima, mara mita 6, ni wati 72. Mota ya wati 200 itafanya kazi bila kuchemka.

Hatua ya tano: umeme na rimoti

Kidhibiti mota ndicho kinachowachanganya wengi. Vile vya droni kwa kawaida huzungusha upande mmoja na havifungi breki. Tafuteni cha gari la kuchezea la rimoti, chenye kwenda mbele, kurudi na breki. Kisha someni karatasi yake, maana vingi vina tabia hii: ukivuta kijiti nyuma mara ya kwanza ni breki, ukiachia na kuvuta tena ndiyo kurudi. Dereva asipojua, atavuta akidhani anarudi, kigari kitasimama, naye atabaki anabonyeza huku mchezo umekwenda upande wa pili. Mota nayo iwe yenye vihisi vinavyojua mhimili wake umezungukia wapi. Isiyo navyo hukwama-kwama wakati wa kuanza polepole, na mwanzo wa polepole ndio unaotofautisha picha tulivu na picha ya kichefuchefu.

Rimoti hutuma amri kwa mapigo ya umeme: mikrosekunde 1,500 ni katikati, 1,000 ni mwisho wa upande mmoja, 2,000 ni mwisho wa upande wa pili. Mkijua hilo mnaweza kuweka maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, kati ya risiva (kipokezi cha amri za rimoti kilicho kwenye kigari) na kidhibiti mota, isome amri ya dereva, iilainishe, kisha iipitishe. Programu ya kwanza iwe na kazi mbili tu. Ya kwanza, kijiti kikisukumwa ghafla, kasi ipande kwa sekunde moja na nusu au mbili, isirukie juu. Ya pili, kuhesabu mahali kigari kilipo kwa sumaku ndogo kwenye gurudumu la bure na kihisi cha sumaku pembeni yake, na kupunguza kasi chenyewe kikibakiza mita 6. Tumieni gurudumu la bure. Lile la mota huteleza, na hesabu yake hudanganya.

Hata hivyo hesabu ya sumaku itateleza kidogo kila safari. Ndiyo maana kusimama kuna ngazi tatu zisizotegemeana: mkono wa dereva, programu, na kipande kizito cha mpira kilichobanwa kwenye kamba mita moja na nusu kabla ya nguzo, kikiwa na springi au kamba ya mpira mbele yake. Ngazi ya tatu haina umeme wala akili.

Kisha ipangeni risiva: mawasiliano yakikatika itoe amri ya katikati pamoja na breki. Risiva nyingi zikitoka kiwandani huendelea na amri ya mwisho iliyosikika. Jaribuni kigari kikiwa mezani, magurudumu yakizunguka hewani: zimeni rimoti. Magurudumu yasiposimama, hakuna kitakachopanda kwenye kamba siku hiyo.

Betri za lithiamu-polima zina volti 3.7 kwa seli, 4.2 zikijaa. Msizishushe chini ya 3.3, na msizichaji bila mtu kuziangalia. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama "bado inawaka". Fyuzi na swichi kuu ziwe mahali panapofikiwa na mtu aliyesimama chini akiwa na fimbo.

Hatua ya sita: kamera

Gimbali, yaani kishikio chenye mota kinachoituliza kamera, ya mota tatu inatosha, lakini isawazisheni kwa mkono kabla ya kuiwasha: kamera ikae popote unapoiacha. Gimbali inayopambana na uzito uliolalia upande mmoja hupata joto, hutetemeka, na mtetemo huo huonekana kwenye picha kama maji yanayochemka. Kama bado inalegalega, pandisheni nguvu yake taratibu hadi ianze kulia, kisha rudini nyuma kidogo.

Rekodini fremu 50 au 60 kwa sekunde. Mchana nje, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/500 au kasi zaidi inawapa mpira usio na mkia. Ndani ya ukumbi mambo hubadilika, kwa sababu taa nyingi humeta kwa mdundo wa umeme: mahali penye umeme wa hezi 50 zinameta mara 100 kwa sekunde. Tumieni 1/50 au 1/100. Mahali penye hezi 60, ni 1/60 au 1/120. Mkipuuza hili, picha itakuwa na mistari inayopanda na kushuka, na hakuna programu ya kuhariri itakayoiondoa vizuri.

Picha ya kumwongoza mpiga picha itumwe kwa masafa tofauti na rimoti: rimoti gigahezi 2.4, picha 5.8. Ukumbi ukijaa watu wenye simu, masafa ya 2.4 huwa kama soko, kwa hiyo jaribio la ukumbi mtupu halithibitishi kitu.

Watu wawili waendeshe, si mmoja: dereva wa kigari na mpiga picha. Picha kwenye skrini hufika imechelewa. Ikichelewa robo sekunde, kigari chenye kasi ya mita 6 kimeshapita mita moja na nusu mbele ya mnachokiona. Kwa hiyo dereva hatazami skrini kamwe. Anatazama kigari kwa macho yake, amesimama mahali anapoona ncha zote mbili. Mpiga picha ndiye wa skrini, na ampe mchezaji nafasi mbele ya uso wake, upande anaokwenda, si nyuma ya kisogo.

Hatua ya saba: majaribio

Anzeni na kamba ya mita 10 kwenye usawa wa kiuno, na mfuko wa mchanga wenye uzito wa kamera. Kamera ibaki kwenye begi. Endesheni safari 50 na kuandika kila kitu kwenye daftari: ilisimama wapi, betri ina volti ngapi, nati gani ilisogea. Zimeni rimoti katikati ya mwendo. Chomoeni waya wa kihisi makusudi. Mwageni maji kwenye kamba na mpime tena umbali wa kusimama. Namba hiyo itawashangaza, na itawapa kiwango cha kasi kwa siku ya manyunyu. Mwisho kabisa, kipelekeni kigari kwenye mpira wa mwisho kwa makusudi, kwanza taratibu, kisha kwa kasi zaidi. Kama mna woga wa kufanya hivyo na mchanga, kamera haiko tayari kupanda.

Mkifaulu, nyanyueni kamba hadi urefu wake halisi, bado na mchanga. Kamera hupanda mwisho.

Siku ya mchezo

Idhini iwe imeombwa mapema: waandaaji, mwamuzi, makocha, na wazazi kama wachezaji ni watoto. Mwamuzi aonyeshwe kamba kabla ya mchezo, na mkubaliane mpira ukiigusa itakuwaje. Kriketi imeshalimaliza jambo hili: mpira ukigonga kamera ya kamba au waya wake, unahesabiwa umekufa na unachezwa upya.

Fungeni kamba muda wa saa tatu kabla ya watu kuingia, pimeni mnepo kwa futi kamba kigari kikiwa katikati, na mpime tena nusu saa kabla ya mchezo, maana kamba mpya hulegea. Mtu mmoja kazi yake iwe usalama tu. Haangalii mchezo, anaangalia kamba, nguzo na watu wanaopita. Neno "simama" linaweza kusemwa na yeyote, hata mgeni, na dereva husimamisha kwanza halafu ndiyo anauliza.

Kuhusu kurekodi kwenyewe nitasema moja. Wanafunzi wakipata kigari hukiendesha muda wote, kama mtoto na baiskeli mpya. Kiacheni kitulie katikati wakati mchezo unajengwa, kiondoke mpira unapokatwa, kifike na mchezaji, kitulie tena. Mara sita au saba kwa kila robo inatosha.

Mchezo ukiisha, shusheni kamera kabla ya kulegeza kamba. Betri zirudishwe kwenye volti 3.8 kwa seli kabla ya kuhifadhiwa. Zikikaa zimejaa wiki nzima huchakaa. Kisha mtu mmoja achukue pamba, aizungushe kwenye kamba kavu na kuivuta taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine, mita zote 40. Mahali pamba itakaponaswa, nyuzi zimeanza kukatika. Hapo panapigwa alama kwa wino, panaandikwa kwenye daftari, na kamba hiyo haipandi tena na kamera.